Usiku wa Ijumaa Mtaani Nizamuddin

Kwa Kiurdu siku ya Alhamisi huitwa jumerat. Tulipoambiwa kuwa maana yake ni usiku wa Ijumaa, tulitazamana tukacheka, kwani bibi zetu nao walihesabu vivyo hivyo: jua la Alhamisi likishakuchwa, Ijumaa imekwisha kuingia. Basi katika usiku huo, kila wiki, waimbaji wa mtaa wa Nizamuddin mjini Delhi hukaa chini katika ua wa kaburi la Sheikh Nizamuddin Auliya, wakaimba kawali, na yeyote apitaye akaketi akasikiliza. Hapana tikiti, wala kadi ya mwaliko, wala kiti cha mbele kilichowekewa mkubwa.

Hatukwenda Delhi kwa ajili ya nyimbo. Watu wa pwani waendao India siku hizi hubeba bahasha za picha za eksirei na barua za madaktari, nasi tulikuwa miongoni mwao. Mama yetu alikuwa na kilango cha moyo kisichofunga sawasawa, na baada ya miezi ya kuchangishana baina ya jamaa tulikata shauri apelekwe akafanyiwe upasuaji. Tulikuwa dada wawili na yeye, katika chumba cha kukodi chenye jiko la pamoja, ambamo asubuhi mtu angeweza kusikia Kiarabu cha Iraki, Kiswahili cha Unguja na Kifarsi cha Waafghani, wote wakigombea birika moja. Vipimo vilichukua siku nyingi kuliko tulivyodhani. Damu leo, picha kesho, kesho kutwa daktari wa meno, kwa kuwa moyo haufunguliwi mpaka meno yawe salama. Aliyewahi kuuguza ugenini anaijua kazi ya kungoja. Haina jasho, na hakuna ichoshayo kama hiyo.

Mwenzetu wa Unguja, aliyekuwa pale na mumewe kwa mwezi wa pili, ndiye aliyetwambia: siku ya Alhamisi msikae ndani, nendeni Nizamuddin mkasikilize. Mama alikuwa kitandani akivuta tasbihi. Akasema bila ya kuinua uso: "Nendeni nyinyi, wanangu. Mimi kukaa makaburini nikapigiwa kinanda sikulelewa hivyo." Hatukumjibu. Mama huyu ndiye aliyetufundisha Juzuu Amma, na baadhi ya wasomaji wetu, twajua, wangesema kama yeye.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Delhi wakati huo ni mji wa ukungu na moshi, baridi yake huingia mifupani, na jua hukuchwa kabla ya saa kumi na mbili, hata sisi tuliozoea Magharibi ya Mombasa tulikuwa tukishtukizwa na adhana. Tuktuk ilitushusha kwenye barabara kuu, tukaingia kichochoroni kwa miguu. Kichochoro kile, lau si baridi, ungedhani ni cha Mji wa Kale: kuta zimekaribiana, mishikaki inachomwa mlangoni mwa hoteli, mtu anauza misuaki na kofia na mafuta ya udi, mwengine ameweka Misahafu juu ya meza. Kisha yaanza maduka ya maua. Waridi nyekundu zimetolewa majani yake na kupangwa kwenye vikapu, na kila muuzaji akuitaye hukwambia uache viatu kwake. Hiyo ndiyo biashara yao; viatu huwekwa bure kwa anayenunua kikapu. Tulivua viatu tukabaki na soksi, na marumaru ya uani ilikuwa kama barafu.

Ua wenyewe si mkubwa. Hili lilitushangaza, kwani jina lake limeenea Bara Hindi nzima. Kaburi la Sheikh limo chini ya kuba jeupe katikati, limezungukwa na baraza ya matao. Ubavuni ni msikiti wa mawe mekundu uliojengwa katika zama za masultani wa Kikhalji. Watu walikuwa wameketi kila penye nafasi, wazee kwa watoto, Waislamu na wasio Waislamu, wanafunzi wenye mabegi mgongoni, mwanamke anayenyonyesha chini ya shali. Tuliwatolea salamu waliolala pale kama inavyotolewa salamu kwa watu wa makaburini, tukawaombea rehema, na kumwomba Mwenyezi Mungu peke yake shida yetu. Twalisema hili wazi ili msomaji asitudhanie lisilokuwako.

Sheikh Nizamuddin alizaliwa Badaun mwaka 1238. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mama yake, Bibi Zulaikha, katika ufukara. Husimuliwa kuwa siku ambazo nyumbani hapakuwa na chakula, bibi huyo alimwambia mwanawe kuwa leo wao ni wageni wa Mungu, na mtoto akawa anaingojea siku hiyo kwa hamu. Kaburi la Bibi Zulaikha liko Delhi pia, mtaa wa Adhchini, nako huendwa. Mwanawe alikuwa mkuu wa tarika ya Chishti mjini humo kwa miaka mingi. Hakuoa. Jikoni mwake palipikiwa maskini kila siku, na kwenye milango ya wafalme alikataa katakata kwenda. Alifariki mwaka 1325.

Miguuni mwake, hatua chache tu, amelala mwanafunzi wake Amir Khusrau, mshairi wa Kifarsi na wa lugha ya watu wa Delhi, ambaye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uimbaji huu. Khusrau alitumikia masultani mmoja baada ya mwengine. Maisha yake yalikuwa ya kasri, na moyo wake ulikuwa kwa Sheikh. Sheikh alipofariki yeye alikuwa safarini Bengal pamoja na msafara wa Sultani. Alirudi akakuta kaburi, na mwaka ule ule naye akafa. Desturi ya mahali pale ni kumsalimia Khusrau kwanza, kisha ndipo uende kwa mwalimu wake.

Na baina yao, ndani ya ua mdogo wa marumaru iliyotobolewa tobolewa, mna kaburi ambalo sisi tulilisimamia muda mrefu kuliko yote. Ni la Jahanara, binti wa Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal. Alikuwa mwanamke tajiri kuliko wengi wa zama zake, mwandishi wa vitabu vya maisha ya mawalii, na baba yake alipofungwa na mwanawe Aurangzeb, yeye alikwenda kukaa naye kifungoni mpaka mzee akafa. Alifariki mwaka 1681. Kaburi lake halina paa wala kuba; juu yake pameachwa udongo wazi uoteshwe majani, kama alivyotaka mwenyewe. Baba alimjengea mkewe jengo ambalo dunia nzima hulipanda ndege kwenda kulitazama, na binti akaridhika na nyasi.

Waimbaji walianza baada ya Magharibi. Walikuwa wanane au tisa, wameketi safu mbili mbele ya mlango wa kaburi, na baina yao na mlango pameachwa njia isiyokaliwa na mtu. Mbele walikuwako wakubwa wawili wenye harmoniamu, ile ya kupepewa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa wa pili. Ubavuni mwao tabla na dholaki. Nyuma, vijana kazi yao kupokea kibwagizo na kupiga makofi. Pembezoni kabisa alikuwako mtoto wa miaka minane hivi, kofia imemzidi kichwa, akipiga makofi huku akiyakodolea macho makono ya mkubwa wake, asije akakosea. Ndivyo kazi hii inavyorithiwa. Koo za waimbaji zinakaa mtaa huo huo, na mtoto hufundishwa hadharani, usiku wa Ijumaa baada ya usiku wa Ijumaa, mbele ya watu wasiolipa na kwa hivyo wasiodai.

Kuna mpangilio. Hutangulizwa kumhimidi Mwenyezi Mungu, kisha kumsifu Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, kisha hufuata sifa za mawalii, ndipo wimbo huachwa uende unakokwenda. Neno lenyewe kawali tulijua tukalipuuza mpaka usiku ule: ni kauli, neno lile lile la Kiarabu tunalolitumia tunaposema kauli ya mzee haipingwi. Na kwa kweli ni kauli moja inayorudiwa. Mkubwa hutoa ubeti polepole, bila ya ngoma, kama mtu asomaye barua. Vijana humpokea. Tabla huingia. Kisha hulichukua neno moja wakaligeuza, wakalipandisha, wakaliteremsha, wakalirudia mara ishirini, na wanapoona mzee mmoja katika waliokaa amefumba macho au machozi yanamtoka, huling'ang'ania neno lilo hilo, hawaliachi mpaka amefarijika. Hatukijui Kifarsi, na Kiurdu chetu ni cha filamu. Hata hivyo tulisikia "Allah", tukasikia "Nabii", tukasikia "rehema" na "dunia" na "mapenzi" kwa maneno ambayo hata Kiswahili kimeyakopa sehemu zile zile, na baada ya nusu saa tuligundua kuwa baridi imetutoka.

Wenye noti walizitoa, wakaziweka mbele ya waimbaji kimyakimya, kumi, hamsini, mia. Hicho ndicho chumo lao la usiku ule. Asiyekuwa nayo hakutazamwa vibaya. Tuliona baadhi ya vijana waliokuja na simu zao kwa sababu ya filamu ya Rockstar ya mwaka 2011, ambayo sehemu yake ilichezwa hapa hapa. Walianza kwa kupiga picha, na wengine wao walimaliza wakiwa wameziweka simu mapajani.

Tuliporudi, Mama aliuliza jambo moja tu: "Wanavyuoni wao wamesema nini?" Swali lake lilikuwa la haki, tukalitafutia jibu katika siku zile za kungoja.

Wanavyuoni wao walisema mengi. Katika siku za Sultani Ghiyasuddin Tughlaq, Sheikh aliitwa barazani mbele ya maulamaa wa Delhi ajieleze kuhusu usikilizaji huu, wao wanauita samaa, na akajitetea mwenyewe. Na yeye mwenyewe aliuwekea masharti. Mwimbaji awe mtu mzima wa kiume. Msikilizaji awe moyo wake uko kwa Mungu. Kinachoimbwa kisiwe na upuuzi. Na ala za muziki zisiwepo. Tuliposoma sharti la nne tulicheka peke yetu, kwani harmoniamu ilikuwa imekaa pale miguuni mwa Sheikh, ikihema kama mbuzi. Chombo chenyewe kililetwa India na Wazungu, na kuna wakati hata redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku, tangu mwaka 1940 mpaka 1971, ikisema hakiwezi kuifuata sauti ya Kihindi. Wenye ufundi wao walikikataa, na mwenye kaburi asingekitaka. Watu wakakipenda, kikabaki.

Je, mzozo huu ni mgeni kwetu? Wazee wa Lamu wanasimulia Habib Swaleh alipoleta maulidi ya Al-Habshi na matari yake, na wakubwa wa mji walivyomkasirikia. Leo Maulidi ya Lamu bila ya Riyadha, nani atayatambua? Hatusemi kuwa jambo likikaa sana huwa halali. Tunasema tu kuwa mabishano haya tumeyarithi pande zote mbili za bahari, na kwamba waliobishana walikuwa watu wa ibada, si watu wa upuuzi.

Jambo jengine halikutukalia vizuri, nasi hatutaliacha. Mlangoni mwa chumba cha kaburi pana maandishi kuwa wanawake hawaruhusiwi kuingia. Wanaume huingia na vikapu vyao vya waridi. Wanawake hukaa nje, wakauegemea ukuta wa marumaru uliotobolewa, na kwenye matundu wamefunga nyuzi nyekundu na za manjano, maelfu. Mwaka 2018 wanafunzi wa sheria walilipeleka suala hili katika Mahakama Kuu ya Delhi. Sisi hatukuwa na haja ya kuingia, na wapo watakaotukumbusha hukumu ya wanawake na makaburi. Lakini tulipokaa pale, miongoni mwa akina mama wale, tuliona kuwa waliokuja na shida walikuwa wao. Mmoja alikuwa na mtoto asiyesimama. Mmoja alikaa kimya mpaka kawali ikakolea, ndipo akalia kwa sauti, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Nyumbani kwetu mwanamke mwenye majonzi analilia wapi, nje ya chumba chake? Matangani tu.

Alhamisi ya pili tulifika mchana, tukateremka kuona kisima. Wao wanakiita baoli: si tundu la kamba na ndoo, bali ni ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Kilichimbwa Sheikh akiwa hai, wakati Sultani Tughlaq akijenga ngome yake kubwa ya Tughlaqabad na kuwataka mafundi wote wa mji. Husimuliwa kuwa mafundi walifanya kazi ya Sultani mchana, na usiku wakaja kuchimba kwa Sheikh kwa mwanga wa taa. Sultani akazuia mafuta yasiuzwe. Na maji ya kisima yakatiwa kwenye taa, zikawaka. Sultani mwenyewe, akirudi kutoka Bengal mwaka 1325, aliangukiwa na jumba la mbao la kumpokelea, akafa kabla ya kuingia mjini. Ngome yake leo ni magofu. Kisimani, watoto wa mtaa walikuwa wakirushiana maganda ya njugu, na jioni uani hapakuwa na pa kutia mguu.

Njiani kurudi tulizungumza kuhusu kwetu. Pwani hatujapungukiwa na sauti. Tunao wapigaji udi, tunao wasomaji wa kasida, tunao vijana wa matari wanaoweza kukesha. Lakini tunawasikia lini? Harusini, penye kadi. Au mahotelini, penye meza zisizotufaa sisi na watoto wetu. Au mara moja kwa mwaka kwenye tamasha, ambapo mgeni rasmi huchelewa na hotuba zikala wakati wote. Mama Ngina kuna nafasi, kuna upepo, kuna mihogo na madafu, na familia zimejaa kila jioni. Hapana sauti moja yetu inayosikika pale kwa ada, siku maalumu ya wiki, hata mtoto akajua kuwa leo ni siku yake. Tamasha la mwaka humpa msanii picha ya gazetini. Yule mtoto wa kofia kubwa, yeye ana Alhamisi hamsini na mbili.

Upasuaji ulikuwa siku ya Jumamosi na ulichukua saa tano. Tutaziruka. Alhamdulillahi, siku ya nne alikaa kitako, na wiki ya tatu daktari akasema anaweza kutembea taratibu, ila ndege asipande bado. Alhamisi ile, tulipokuwa tukivaa mabuibui, alituuliza kama pale pana pa kukaa mtu aliyeshonwa kifua.

Tulimpeleka mapema, kabla watu hawajajaa. Tulimkunjia leso mbili juu ya marumaru, akaketi na mgongo wake ukutani, upande wa wanawake, mkono mmoja kifuani. Hakutazama kaburi. Aliomba dua yake kuelekea kibla, ndefu, na alipomaliza alitazama mbele kama mtu anayesubiri dawa hospitalini. Kawali ilipoanza hakubadilika uso. Harmoniamu ilipopokea wimbo wa pili, tulimwona anainua kichwa. Lahani ile aliijua. Filamu fulani iliichukua hapa, ikavuka bahari, na waimbaji wa Mombasa wa enzi za marehemu Juma Bhalo wakaitilia maneno ya Kiswahili. Ilipigwa, alitwambia baadaye, katika harusi ya dada yake, uwanjani Kibokoni, yeye akiwa na miaka kumi na minne. Kidole chake cha shahada kilikuwa kikigonga juu ya shanga za tasbihi, polepole, na hatukuthubutu kumwangalia asije akakizuia.

Tulipomwinua kuondoka, mwanamke aliyekaa karibu naye alimshika mkono, akamwambia neno refu kwa Kiurdu. Mama akamjibu kwa Kiswahili, neno refu vile vile, na wakaagana wameridhika. Kichochoroni, baina ya mishikaki na waridi, tulimwuliza ameonaje.

"Wanaimba," akasema, na kusimama kuvuta pumzi. "Lakini makofi tu! Wangelikuwa na matari ya Langoni, hawa, wangelikesha."